Sura ya Sita: Je, Chakula cha Kilimo Hai Kinastahili Bei Yake?

Swali hili huulizwa na watu wa kila aina. Mama mwenye watoto wadogo Dar es Salaam anaona fungu la mchicha usiopuliziwa dawa likiuzwa ghali kuliko la gengeni, anajiuliza kama ongezeko hilo la bei litamfikia mwanawe au litaishia kwa muuzaji. Mgonjwa wa kisukari ameambiwa na jirani arudi kwenye vyakula vya asili. Mkulima wa bonde la Kilombero naye analo swali hilo hilo, ila kwake limegeuka: nilime bila dawa kwa faida ya nani, ikiwa nyanya yangu yenye tundu la funza haitapata mnunuzi Ifakara?

Nitalijibu kwa kukaa zaidi katika bonde hilo, kuanzia Ifakara, kupitia Mbingu na Mngeta hadi Mlimba, na mbele yake kata ya Masagati, ambako wakati wa masika kusafirisha gunia moja ni kazi. Nimelichagua kwa sababu hoja zote za sura hii zinakutana pale. Mchele wa Kilombero huagizwa na ndugu walioko mjini wakiamini ni chakula kisafi. Kokoa yake yenye hati ya kilimo hai huliwa Marekani ikiwa chokoleti. Na mbu wake wamechunguzwa na wanasayansi kwa zaidi ya miaka 60, uchunguzi ambao unagusa dawa za shambani kuliko msomaji anavyoweza kudhani.

Kilimo hai ni nini, na si nini

Kilimo hai ni ukulima unaorutubisha ardhi kwa mboji, samadi, mazao ya jamii ya mikunde na kubadilisha mazao shambani, bila kutumia mbolea za viwandani wala viuatilifu vya kemikali vilivyoundwa maabara. Kiuatilifu ni sumu yoyote ya kuua wadudu, ukungu, panya au magugu. Mkulima huiita dawa. Mwaka 2007 nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zilipitisha kiwango kimoja cha mazao ya kilimo hai pamoja na alama yake, Kilimohai. Kwa Tanzania, shirika mwavuli la wadau wa kilimo hai ni TOAM, lililoanzishwa 2005.

Mkulima anaweza kuthibitishwa kwa njia mbili. Ya kwanza ni kukaguliwa na kampuni ya ukaguzi, inayopita shambani, kusoma kumbukumbu na kutoa hati. Ni ghali, na ndiyo inayokubaliwa na wanunuzi wa Ulaya na Marekani. Ya pili ni wakulima wa eneo moja kukaguana wenyewe kwa kanuni walizokubaliana, walaji wakishirikishwa. Inaitwa uhakiki shirikishi, gharama yake ni ndogo, na kwa soko la ndani inatosha.

Makosa mawili hufanyika sana hapa. La kwanza ni kudhani kwamba kilimo hai hakipulizii chochote. Kinapulizia. Mkulima anaruhusiwa kutumia mwarobaini, pilipili na majivu, na anaruhusiwa pareto, ua jeupe linalolimwa nyanda za juu za Iringa, Njombe na Mbeya na kusindikwa Mafinga. Pareto ni sumu kamili, inaua mdudu kwa kuvuruga mishipa yake ya fahamu. Sifa yake ni kwamba jua huimaliza upesi, haikai kwenye jani. Likumbuke ua hili, tutakutana nalo tena kwa mbu.

Kosa la pili ni kubwa zaidi, na ndilo linalowapoteza wengi wanaoagiza chakula kijijini. Shamba lisilotiwa mbolea kwa sababu mkulima hana fedha, au kwa sababu lori halifiki, linaitwa la asili. Lakini kilimo hai ni kazi: kukusanya samadi, kuoza mboji, kupanda kunde baada ya mahindi, kutandaza majani kuhifadhi unyevu. Ardhi inayovunwa kila mwaka bila kurudishiwa kitu inachoka, na mazao yake hayawi bora kwa kuwa yamelimwa kwa dhiki. Isitoshe, hata pale ambapo mfuko wa mbolea haujafika, chupa ya dawa ya magugu imekwisha fika. Ni nyepesi, inabebwa kwa bodaboda, na inamwokoa mkulima wa mpunga na wiki nzima za palizi. Kwa hiyo mtu anayesema mchele wa kwao hauna kemikali, huku hajui shamba liliandaliwaje, anasema analolitamani.

Kwa ufupi: kilimo hai hakimaanishi kutopulizia kabisa, na umaskini wa shamba si kilimo hai. Kinachotofautisha ni namna ardhi inavyotunzwa na aina ya sumu inayoruhusiwa.

Mwili wako unapata nini?

Tuanze na lishe, kwa kuwa ndiyo sababu inayotajwa zaidi na ndiyo dhaifu zaidi. Mwaka 2012 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walikusanya matokeo ya mamia ya tafiti zilizolinganisha chakula cha kilimo hai na cha kawaida. Hawakuona tofauti kubwa ya vitamini na virutubisho. Walichokiona ni kwamba mazao ya kilimo hai yalikuwa na mabaki machache zaidi ya viuatilifu. Miaka miwili baadaye kundi jingine la watafiti, likiongozwa na Chuo Kikuu cha Newcastle cha Uingereza, lilikuta mazao ya kilimo hai yana zaidi ya zile kemikali za mimea zinazosaidia kulinda chembe hai za mwili, na kadimiamu kidogo zaidi. Kadimiamu ni metali yenye sumu ambayo huweza kuingia shambani pamoja na baadhi ya mbolea za fosfeti. Tofauti hizo zipo, ila hakuna aliyeonyesha kwamba zinatosha kumponya mtu au kumwongezea maisha.

Na saratani? Mwaka 2018 watafiti wa Ufaransa waliofuatilia watu karibu 69,000 walitangaza kwamba wale waliokula zaidi chakula cha kilimo hai waliugua saratani pungufu kwa takriban robo. Habari hiyo ilizunguka dunia. Iliyozunguka kidogo ni ya Uingereza, 2014, ambako wanawake zaidi ya 600,000 walifuatiliwa na hawakuonekana kupata nafuu ya saratani kwa jumla. Ugumu ni kwamba wanunuzi wa chakula hicho kwa kawaida wana kipato kizuri, wanavuta sigara kidogo na wanafanya mazoezi zaidi. Watafiti hujitahidi kuyaondoa hayo katika hesabu zao, lakini hayaondoki yote.

Mgonjwa wetu wa kisukari basi asijitie gharama bure. Bakuli la matembele ya kawaida litamfaa kuliko biskuti yenye alama ya kilimo hai, kwa sababu sukari ni sukari hata ikitokana na muwa usiopuliziwa.

Linalobaki upande wa mwili ni mabaki, yaani kiasi cha kiuatilifu kinachokaa juu au ndani ya zao mpaka linapoliwa. Hapa nchini kuna sababu ya kujali. Utafiti uliochapishwa 2020, uliopima mamia ya sampuli za mboga mbichi kutoka sehemu mbalimbali za Tanzania, ulikuta mabaki katika karibu nusu yake, na nyingi kati ya hizo zilivuka kiwango cha juu kinachoruhusiwa.

Sababu unaweza kuiona kwenye nyanya. Kila kiuatilifu kina siku za kusubiri, yaani muda unaotakiwa kupita kati ya kupulizia na kuvuna, na umeandikwa kwenye kibandiko cha chupa. Nyanya huchumwa kila baada ya siku chache huku mmea ukiendelea kuzaa, na huku ukungu na mdudu aitwaye kantangaze wakiendelea kushambulia. Dawa ya leo na mchumo wa keshokutwa vinakutana ndani ya tenga moja. Mkulima si katili. Kibandiko kimeandikwa kwa herufi ndogo, wakati mwingine kwa lugha asiyoisoma, dawa yenyewe amepimiwa dukani kwenye chupa ya maji, na dalali amekwisha fika na gari.

Anayepulizia ndiye anayeumia kwanza

Naona mjadala wa chakula cha kilimo hai umemtazama mno mlaji. Mlaji anakutana na sehemu ndogo sana ya sumu. Mpuliziaji anakutana nayo ikiwa haijachanganywa na maji. Anaifungua, anaipima kwa kifuniko, anaikoroga, anaibeba mgongoni katika bomba linalovuja, anatembea nayo juani akiwa na kandambili na fulana, na jioni anaiosha kwenye mfereji uleule ambao jirani anachotea maji. Makadirio ya kimataifa yaliyotolewa 2020 yalisema kila mwaka duniani hutokea matukio yapata milioni 385 ya watu kudhurika kwa viuatilifu bila kukusudia, wengi wao wakulima na vibarua wa mashambani. Kichwa kuuma, macho kuwasha, kutapika, mikono kutetemeka. Mengi hayafiki zahanati, na yakifika huenda yakachukuliwa kuwa malaria.

Maji nayo yanahusika, na katika Kilombero maji ndiyo kila kitu. Uwanda wa mafuriko wa bonde hilo uliorodheshwa 2002 chini ya Mkataba wa Ramsar kuwa ardhioevu yenye umuhimu wa kimataifa. Zaidi ya nusu ya maji ya Mto Rufiji hutoka huko. Kinachooshwa kwenye mpunga wa Mngeta hakiishii Mngeta. Kinapita kwa perege na kambale, kwa mvuvi, kwa ng'ombe, na kinaendelea kuteremka.

Ushahidi wa mbu

Mwishoni mwa miaka ya 1950 Mswisi Rudolf Geigy alianzisha maabara ndogo Ifakara kuchunguza magonjwa ya nchi za joto. Maabara hiyo ndiyo mzizi wa Taasisi ya Afya Ifakara ya leo. Geigy alitoka katika ukoo wa Basel ulioanzisha kampuni ya kemikali yenye jina lake, na ni mwanakemia wa kampuni hiyo, Paul Müller, aliyegundua mwaka 1939 kwamba DDT inaua wadudu. Ugunduzi huo ulimpatia Müller Tuzo ya Nobel mwaka 1948. DDT iliokoa watu wengi dhidi ya malaria, ikamwagwa pia mashambani kwa wingi, na baada ya muda wadudu wakaizoea na ndege wakaanza kufa. Nchi nyingi ziliipiga marufuku katika kilimo.

Sasa turudi kwa pareto. Wanakemia waliiga sumu ya ua lile, wakatengeneza kwa kemikali jamii ya dawa zinazoitwa pairethroidi. Zinafanana na pareto, ila jua haliziui haraka. Hiyo ndiyo jamii iliyotiwa kwenye vyandarua vyetu, kwa kuwa inaua mbu na kwa kiwango kile haimdhuru mtoto aliyelala ndani. Na ni jamii hiyohiyo inayouzwa katika duka la pembejeo kwa ajili ya wadudu wa mboga na mpunga.

Fikiria maisha ya mbu. Anataga kwenye maji, na viluwiluwi wake hukulia humo. Katika bonde la mpunga, maji hayo mara nyingi ni ya jaruba. Jaruba likipuliziwa pairethroidi kidogo kidogo kila msimu, viluwiluwi dhaifu hufa, na wachache wenye uwezo wa kuhimili hubaki, hukua na kuzaa. Watoto wao wakifika kwenye chandarua, sumu ile haiwi ngeni kwao. Hali hii huitwa usugu. Watafiti wa Ifakara wameona usugu katika mbu wa Kilombero na Ulanga, na walipokwenda kwa wakulima wamekuta viuatilifu vikitumika kwa wingi, mara nyingi bila mafunzo. Vyandarua vyenyewe pia vimechangia kuwafanya mbu kuwa sugu, haki lazima isemwe. Ndiyo maana vimeletwa vyandarua vipya vilivyoongezwa kemikali ya pili inayovunja kinga ya mbu, na ni ghali zaidi kuvitengeneza.

Kwangu mimi hii ndiyo hoja nzito kuliko zote za kununua chakula kilicholimwa kwa dawa chache. Mama wa Dar es Salaam anayelipa zaidi kwa mboga ya Kilombero isiyopuliziwa ovyo huenda asipate vitamini ya ziada hata moja, lakini anasaidia chandarua cha mtoto wa Kilombero kiendelee kufanya kazi. Bei ya sokoni haiyahesabu hayo.

Mbona basi tusipige marufuku kemikali zote?

Sri Lanka ilijaribu. Mwaka 2021 serikali ya nchi hiyo ilizuia kuingiza mbolea na viuatilifu vya kemikali, ikitaka nchi nzima ilime kilimo hai karibu mara moja. Kabla ya mwaka kwisha ililegeza amri. Mavuno ya mpunga yalikuwa yameanguka, na nchi iliyokuwa ikijitosheleza ikaagiza mchele nje. Mboji haitengenezwi kwa tangazo la serikali. Inahitaji mifugo, majani, mikono na misimu kadhaa.

Sisi tuko upande mwingine kabisa. Mwaka 2006, katika mkutano wa Abuja, viongozi wa Afrika waliweka lengo la kilo 50 za virutubisho vya mbolea kwa hekta, na mkulima wa kawaida wa Tanzania bado yuko chini sana ya hapo. Kumwambia mkulima wa Masagati aogope mfuko mmoja wa urea ni kumpotosha. Mbolea kwa kipimo, ikichanganywa na samadi, haina hatari ya aina moja na sumu ya wadudu, na mlaji asizichanganye hizo mbili kichwani.

Hati inamlipa nani?

Pale Mbingu, kando ya barabara ya Ifakara kwenda Mlimba, kampuni ya Kokoa Kamili ilianza kazi mwaka 2013. Inanunua kokoa mbichi kutoka kwa wakulima wadogo, inaichachusha na kuikausha mahali pamoja ili ubora ulingane, na kuiuza nje ikiwa na hati ya kilimo hai. Watengenezaji wa chokoleti kama Dandelion wa San Francisco wameandika jina hilo kwenye karatasi ya chokoleti yao. Wakulima walihitaji dawa chache kuanzia mwanzo, kwa kuwa mkokoa hustawi chini ya kivuli cha migomba na miti mingine. Wanauza bila kulazimika kukausha wenyewe, na bei inazingatia ubora.

Huo ni mfano mzuri, na unaonyesha pia mpaka wake. Hati ya namna hiyo ipo kwa sababu kuna mnunuzi wa mbali anayeilipia. Pamba ya Meatu, ambako kampuni ya bioRe ilianza miaka ya 1990, nayo ni ya kuuzwa nje. Anayelima mchicha kwa mboji na kuuza Ifakara hana mnunuzi wa namna hiyo. Kwa mkulima kama huyo kinachohitajika ni ule uhakiki shirikishi, mafunzo kama yanayotolewa na shirika la SAT mjini Morogoro tangu 2011, na mteja anayemjua kwa sura.

Sumu ambayo alama haiioni

Kabla ya kufika sokoni, onyo. Mwaka 2016 watu wa Dodoma na Manyara waliugua ini, na karibu 20 wakafa. Chanzo kilikuwa sumukuvu, sumu inayotengenezwa na kuvu kwenye mahindi na karanga zisizokaushwa vizuri. Kuvu huyo hajali kama shamba lilitiwa mbolea au la. Mahindi ya kilimo hai yaliyolala chini kwenye unyevu yanaweza kuua; ya kawaida yaliyokaushwa juu ya turubai na kufungwa kwenye mfuko usiopitisha hewa yakawa salama. Mfuko huo una faida nyingine: unawaua dumuzi kwa kuwanyima hewa, bila dawa ya unga. Ukiwa na fedha kidogo ya ziada kwa ajili ya chakula salama, na unakula ugali kila siku, anzia hapa kabla ya kuwaza alama yoyote.

Sasa, ununue nini?

Jibu langu ni kwamba chakula cha kilimo hai kinastahili bei yake kwa mazao machache, na kwa sharti kwamba unamwamini aliyekilima. Kwa mengine, fedha yako ina kazi bora ya kufanya.

Lipa zaidi, ukiweza, kwa:

- nyanya, pilipili hoho na bilinganya;
- mchicha, chainizi, figiri na kabichi, kwa kuwa jani ndilo linalopuliziwa na ndilo linaloliwa;
- mboga za mtoto mdogo na mama mjamzito.

Usijisumbue sana na:

- ndizi, nanasi, papai na parachichi, ambavyo humenywa;
- muhogo, magimbi na viazi vitamu;
- kisamvu na matembele, ambavyo kwa kawaida havina haja ya kupuliziwa;
- mchele, kwa kuwa dawa za magugu hutumika mapema msimu na punje hukobolewa.

Kuhusu mchele, nimesema hayo kwa upande wa mlaji tu. Kwa upande wa maji na mbu, mpunga uliolimwa kwa dawa chache una thamani kubwa, na siku utakapouzwa ukiwa na alama ya uhakika nitashauri watu waununue.

Kama huwezi kulipa zaidi, osha mboga kwa maji yanayotiririka, si kwa kuichovya tu kwenye beseni. Toa majani ya nje ya kabichi. Menya kinachomenyeka. Kuosha huondoa ile dawa nyeupe iliyoganda juu ya nyanya, lakini hakuondoi dawa iliyonyonywa na mmea. Hiyo huisha kwa siku za kusubiri peke yake.

Kwa hiyo jizoeze kumuuliza muuzaji swali moja: mboga hii imepuliziwa lini? Uliza kila wiki, mpaka ajue utauliza, naye aanze kumuuliza mkulima. Na mkulima akikujibu kwa ukweli kwamba alipulizia juzi, usimkimbie. Mwambie utanunua zikiisha siku za kusubiri, kisha urudi ununue kweli.